Kebo ya usukani isinunuliwe kwa kubahatisha

Wamiliki wengi wa boti ndogo za injini, wawe wa Mwanza, Ukerewe, Mafia au Kilwa, hupiga hesabu ya mafuta, barafu, leseni na posho za mabaharia kabla ya chombo kutoka. Kebo ya usukani haimo katika hesabu hiyo mpaka siku usukani unapogoma. Hapo ndipo hukimbilia dukani na kuchukua kebo yoyote iliyopo, mradi safari iendelee. Huo ni uamuzi wa hasara.

Kebo ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na injini, lakini ndiyo inayoamua chombo kielekee wapi. Ikikatika katikati ya ziwa au baharini, barafu huyeyuka, samaki huharibika na mafuta ya siku hiyo hupotea bure. Kama chombo kimebeba abiria na upepo ni mkali, hasara haihesabiki kwa shilingi.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kebo ndiyo mbovu. Usukani mgumu unaweza kusababishwa na grisi iliyokauka kwenye bomba la injini ambamo ncha ya kebo hupita. Fundi aifungue kebo kwenye injini, kisha aisukume injini kwa mkono kulia na kushoto. Ikigeuka kwa wepesi ilhali usukani bado ni mgumu, tatizo ni kebo. Injini ikiwa nzito, bomba na egemeo lake vinahitaji kusafishwa na kutiwa grisi.

Kebo iliyoingia maji na kushika kutu ndani haitibiki. Wapo wanaotoboa ganda na kumimina mafuta. Njia hiyo huleta nafuu ya siku chache na kufungua mlango wa maji mengine. Kebo ya mtumba nayo haifai, kwa kuwa kutu ya ndani haionekani kwa macho.

Hatua ya pili ni urefu. Kwenye ganda la kebo nyingi huchapishwa namba, na tarakimu zake za mwisho huonyesha urefu kwa futi. Namba ikiwa imefutika, hupimwa ganda lenyewe, kisha huongezwa inchi 18 kwa usukani wa gia ya mzunguko, au inchi 30 kwa usukani wa reki. Kebo fupi hulazimishwa kupinda kwa kona kali, na ndefu kupita kiasi huachwa na mzunguko usio na kazi. Zote mbili hufanya usukani uwe mzito na kuchakaa mapema. Kona inayofaa ni pana, yenye nusu kipenyo kisichopungua inchi 8 hivi.

Hatua ya tatu ni aina. Kebo ya gia ya mzunguko haiingii kwenye usukani wa reki, na za watengenezaji tofauti mara nyingi haziingiliani. Ni busara kwenda dukani na kebo ya zamani mkononi pamoja na jina la boksi la usukani. Mwenye chombo cha maji ya chumvi aulize pia kama ncha ya kebo ni ya chuma kisichoshika kutu. Na aliyebadili injini kwa yenye nguvu zaidi ahakikishe kuwa mfumo mzima wa usukani unaruhusiwa kwa nguvu hiyo ya farasi. Kwa injini kubwa, usukani wa haidroliki ndio unaofaa.

Mnunuzi peke yake hawezi kumaliza tatizo. Duka lisilo na urefu unaotakiwa humshawishi mteja achukue uliopo. Vikundi vya wavuvi na wasafirishaji vinaweza kuorodhesha mahitaji ya wanachama na kuagiza kwa pamoja, ili kila mwialo uwe na kebo moja ya akiba kwa kila urefu unaotumika sana. Nao wakaguzi wa vyombo vidogo, wakiwemo wa TASAC, wanapohesabu maboya ya kujiokolea, wauzungushe na usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Usukani ukianza kuwa mgumu, chombo kisitoke hadi kebo sahihi ipatikane na kufungwa.