Mwambieni mgonjwa dawa itamfanya nini

Mtu akija kununua dawa mseto ya malaria dukani kwetu, swali langu la kwanza ni hili: leo umekula nini? Wengine hucheka. Wengine huona nawachimba mambo ya nyumbani kwao. Mzee mmoja alinijibu kwa ukali kidogo, "Mwanangu, nimekuja kununua dawa, sikuja kuomba ugali." Nikamwambia, "Nisamehe, baba, lakini dawa hii ukiimeza na tumbo tupu, sehemu yake kubwa itapita tu itoke." Akanyamaza, halafu akasema tangu jana mdomo ni mchungu, amekunywa uji mwepesi tu. Nikamwonyesha kwa mama ntilie wa jirani akapate chai ya maziwa na andazi, ndipo arudi kumeza.

Nauza dawa katika duka la dawa muhimu hapa Muheza, mkoani Tanga, na nina ubishi wa muda mrefu na wenzangu wa fani hii. Nasema tunawaficha wagonjwa maudhi ya dawa kwa nia njema, na kule kuwaficha ndiko kunakowafanya waitupe dawa njiani.

Hoja yao naifahamu. Ukimwambia mtu dawa itamlegeza, hatameza. Ukimtajia kizunguzungu, atakipata hata kama hakikuwepo. Basi mgonjwa anapewa bahasha iliyoandikwa 4 x 2 na neno moja tu: umalize dozi. Siku ya pili homa imeshuka, lakini mwili umelegea, kichwa kizito, hamu ya kula hana, viungo vinauma na usiku moyo unamdunda. Hakuna aliyemwambia ategemee hayo, kwa hiyo anaamua mwenyewe kwamba dawa imemzidi. Na homa si imeshaondoka? Vidonge vilivyobaki vinapanda juu ya kabati, akiba ya mtoto atakayeumwa mwezi ujao.

Sasa, kulegea, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya viungo ni maudhi yanayojulikana ya mseto. Pia ni dalili za malaria yenyewe, ambayo haimtoki mtu kwa siku moja. Hata mtaalamu hawezi kukuambia kwa hakika kipi kimeletwa na dawa na kipi na ugonjwa. Ila mgonjwa aliyeambiwa mapema, "siku mbili tatu utajisikia hivi, pumzika, endelea kumeza," ana sababu ya kuvumilia. Asiyeambiwa hana.

Wateja wangu wengi ni wakulima wa machungwa na vibarua wa mashambani, na sijaona hata mmoja aliyeshindwa kuielewa dawa hii akielezwa taratibu. Kila kidonge cha kawaida cha mseto huu, yaani ALu, kina dawa mbili ndani yake. Artemeta, miligramu 20, inawapiga vimelea kwa nguvu na haraka, na ndiyo inayokushushia homa siku ya kwanza. Lakini haikai mwilini, saa chache tu imeondoka. Lumefantrini, miligramu 120, haina haraka. Yenyewe hubaki kwenye damu kwa siku kadhaa ikiwamaliza waliosalia. Anayekatisha dozi siku ya pili amefaidi kazi ya artemeta na kuinyima lumefantrini nafasi ya kutosha. Waliobaki huzaliana upya, na wiki chache baadaye anarudi dukani akilalamika kwamba dawa ni feki.

Hiyo lumefantrini ndiyo inayonifanya niulize habari za chakula. Inafyonzwa vizuri ikikutana na mafuta. Si lazima nyama wala siagi. Sisi watu wa Tanga tumejaliwa nazi: kijiko cha mchuzi wa tui juu ya wali kinatosha, au chai ya maziwa, karanga, parachichi, dagaa wa kukaanga. Mtoto anayenyonya apewe dawa na ziwa lifuatie.

Jambo la saa nalo linatuponza. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha ni asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtu akimeza saa tisa alasiri, ya pili ni saa tano usiku. Namwandikia hivyo hivyo kwenye bahasha, kwa kalamu, "saa tano usiku," kwa sababu ile 4 x 2 haimwambii kwamba aamke. Na hiyo nne ni ya mtu wa kilo 35 na zaidi, ambaye jumla yake ni vidonge 24. Mtoto wa kilo kumi ni kidonge kimoja kila mara, jumla sita. Akitapika kabla ya saa moja kupita, arudie dozi hiyo, na hapo pakiti itapungua, kwa hiyo aje kufidiwa. Akitapika tena, duka halimfai, aende hospitali.

Watu wazima wa rika langu wanajua tulikotoka. Klorokwini ilikuwa ikiwasha. Mtu alijikuna usiku kucha, kiganjani, nyayoni, kichwani, bila upele wowote. Wapo waliokuwa wakiificha chini ya ulimi wamdanganye mama. Mwaka 2001 Serikali ikaiondoa klorokwini, kwa kuwa vimelea vilikwishaizoea, ikaleta SP, dawa yenye salfa. Hiyo ilikuwa dawa ya mara moja, haiwashi, lakini haishushi homa upesi kama klorokwini, na wananchi hawakuelezwa vya kutosha. Zikaenea habari za watu kubabuka ngozi. Jambo lenyewe lilikuwa la kweli kwa sababu dawa zenye salfa zinaweza kuleta mzio mbaya wa ngozi, ingawa ni kwa nadra sana. Likapita mdomo kwa mdomo, likakua, hata watu wakaikimbia SP kabisa. Mseto ulipokuja mwishoni mwa 2006, ulikuta watu wameshajifunza kutoiamini dawa ya Serikali. Somo hilo wenzangu wanalisoma kinyume: wanasema tatizo lilikuwa watu kusikia habari za kubabuka. Nasema tatizo lilikuwa wamezisikia kilabuni na kwenye daladala badala ya kuzisikia kwa muuguzi.

SP yenyewe haijaondoka. Mjamzito huimeza kliniki mbele ya mhudumu, vidonge vitatu kwa mpigo, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kumkinga yeye na mtoto. Huyu aulizwe kama amewahi kubabuka kwa Septrini au dawa nyingine ya salfa. Na anayemeza Septrini kila siku kwa sababu ya maambukizi ya VVU hapewi SP. Anayetumia dawa za kifua kikuu naye aseme anapochukua mseto, maana rifampisini iliyo miongoni mwake hupunguza nguvu ya mseto mwilini. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme pia. Haya hayajulikani kwa kumtazama mtu usoni.

Halafu kuna balaa la kipimo. Mama anamaliza dozi, baada ya wiki moja anaumwa kichwa, anakwenda kupimwa kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, mistari miwili inatokea. Anakuja kwangu amefura: "Dada, dawa yako haikufanya kazi, nipe ya nguvu zaidi." Kipimo hicho hakimwoni mdudu. Kinatafuta protini aliyoiacha, na mabaki hayo hudumu kwenye damu kwa wiki kadhaa hata wadudu wakiwa wamekufa wote. Wa kumpima huyu ni mtu wa maabara mwenye hadubini. Kwa kukosa maelezo ya dakika moja, watu wanamezeshwa dozi mbili tatu mfululizo, na maudhi yake juu, wakati kinachowaumiza huenda ni kingine kabisa. Kosa la kuita kila homa malaria si la wananchi peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa katika hospitali za kaskazini mashariki mwa nchi yetu, ulikuta kwamba kati ya waliolazwa na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali, chini ya nusu walikuwa na vimelea kwenye damu.

Na wapenda sindano? Kwao kidonge si dawa. Sindano ya artesuneti ni mkombozi kwa aliyezidiwa, asiyeweza kumeza, mwenye degedege au aliyepoteza fahamu. Lakini baada yake lazima umeze mseto wa siku tatu, jambo ambalo wengi huliruka kwa kuwa wanajiona wameshapona. Pia huweza kutokea kwa baadhi ya watu, wiki moja hadi nne baadaye, chembe nyekundu za damu zikavunjika: mtu anapauka, macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi kama kahawa. Tatizo hilo linatibika likiwahiwa. Jirani yangu alitoka wodini na karatasi ya malipo mkononi na hakuna aliyemtajia hilo. Ningependa kujua ni nani anayetajiwa.

Najua foleni ni ndefu na muuguzi ni mmoja. Sidai hotuba. Nadai sentensi nne: kula chenye mafuta kwanza, dozi ya pili ni saa fulani, utalegea na kichwa kitakuuma lakini usiache, ukiona mkojo mweusi, ngozi kubabuka, unatapika kila kitu, au homa haijashuka siku ya tatu, rudi haraka. Nimezisema kwa saa ya ukutani, hazifiki dakika moja.

Yako makubwa zaidi yanayotusubiri. Mkoani Kagera, kama ilivyo Rwanda na Uganda, imethibitishwa kwamba wako vimelea wanaochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemisinini. Dawa mwenzake bado inawamaliza, ndiyo maana mseto ungali unaponya, lakini kila nusu dozi inayolala juu ya kabati inawapa nafasi.

Kwa hiyo ombi langu kwa Wizara ya Afya na kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ni dogo. Pakiti nyingi ninazouza zina karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nane, ya Kiingereza, herufi kama mchanga. Mteja huitoa, hufungia sukari au huitupa pale pale mlangoni. Iwe ya Kiswahili, herufi zisomeke na mzee bila miwani, maudhi yatajwe ukurasa wa kwanza pamoja na namba ya simu ya kutolea taarifa. Mwenye kiwanda akisema ni gharama, aulizwe zile picha za rangi juu ya boksi amezilipia kwa fedha gani.