Jino la Kaure Likivunjika

Ndugu msomaji wa Karagwe na Kyerwa, jino lako la kaure likimeguka, usiligandishe kwa gundi ya viatu. Gundi hiyo si ya kinywani. Jino likikaa vibaya huumiza fizi. Funga kipande katika kitambaa safi, ukipeleke kwa daktari wa meno. Jino likiweza kutolewa, fundi wake huliziba kwa unga wa kaure uyeyukao kwa joto dogo, pengine chini ya digrii 850, ili kaure ya zamani isilainike na kupoteza umbo. Kwanza hulikausha polepole, kwani limenyonya unyevu. Likitiwa tanuruni kwa haraka hupasuka, kama chungu kibichi. Mfinyanzi hulia gaeni, lakini wewe, ndugu, usitafunie gae.