Uzoefu wa Miaka Mitatu Utaokotwa Wapi?

Matangazo ya kazi ya mhandisi wa devopsi, yawe ya Dar es Salaam au Nairobi, aghalabu hubeba sharti moja: uzoefu wa miaka mitatu au zaidi. Mhitimu hulisoma, huuliza uzoefu huo unapatikana wapi, na hujibiwa kwamba unapatikana kazini. Huu ni mlango unaofunguliwa na wale tu waliokwisha kuingia. Nasema wazi kwamba wanaolalamika kukosa wataalamu ndio wanaozuia wataalamu wasizaliwe.

Tuanze na maana. Neno hili lilishika mizizi mwaka 2009, Patrick Debois alipoitisha mkutano wa kwanza wa DevOpsDays mjini Ghent, Ubelgiji. Kiini cha hoja kilikuwa uhasama wa muda mrefu. Mwandishi wa programu hutaka mabadiliko kila siku. Mwendeshaji wa seva hutaka utulivu. Mfumo ukianguka, kila mmoja humnyooshea mwenzake kidole. Devopsi ilidai wote wawili wabebe mzigo mmoja: mabadiliko yawe madogo na ya mara kwa mara, kazi ya kujirudia iachiwe mashine, na hitilafu ichunguzwe bila kutafuta mchawi.

Ukilielewa hilo, utaona ni kwa nini taaluma hii haifundishiki ubaoni peke yake. Mhitimu anaweza kujua amri za Linux, akatunza msimbo kwa Git, akafunga programu ndani ya kontena kwa Docker. Lakini hajui bado namna ya kuurudisha mfumo uliozima saa nane usiku huku maelfu wakisubiri kulipa. Hilo hujulikana kwa kusimama kando ya aliyekwisha kulifanya.

Najua jibu la wapinzani wangu: zana zote ni za bure, vijana wajifunze wenyewe. Ni kweli kwamba Linux ni huria tangu miaka ya tisini, na Kubernetes iliachiwa umma na Google mwaka 2014. Ila zana kuwa za bure hakumpi mtu mahali pa kuzitumia kwa uzito. Hakuna aliyejifunza kuogelea mchangani. Mpinzani huyo huyo hawezi kukubali kutibiwa na daktari aliyejifunza kwa video. Tanzania haimsajili daktari kikamilifu mpaka amalize mwaka wa utarajali chini ya macho ya wakubwa zake. Mwalimu naye hupelekwa mazoezini kabla hajakabidhiwa darasa. Kwa nini mtu tutakayemkabidhi mifumo ya kodi, hospitali na ardhi aachwe ajipapase gizani?

Hili si suala la ajira za vijana tu. Leo mwananchi wa Tanzania hupewa namba ya malipo kabla hajalipa ada au faini serikalini. Mfumo ukizima, karani humwambia neno tulilolizoea: "Mtandao unasumbua." Kauli hiyo huugeuza uzembe wa taasisi kuwa kama mvua, jambo lisilo na mwenyewe. Julai 2023, jukwaa la eCitizen la Kenya liliposhambuliwa, huduma za pasipoti, viza na tiketi za treni zilivurugika. Kadiri tunavyohamishia dola kwenye seva, ndivyo haki ya raia inavyotegemea watu wachache wasioonekana. Wahenga walituasa tusitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Dawa ipo, wala haihitaji tume. Kila taasisi ya umma inayoendesha mfumo wake ipokee watarajali kila mwaka, iwape posho, iwape mlezi mwenye jina, na iwape mazingira ya majaribio kabla ya kuwaruhusu kugusa mfumo halisi. Kila mkataba na kampuni ya nje uwe na kifungu cha kurithisha ujuzi kwa wenyeji, na malipo ya mwisho yasitoke kabla kifungu hicho hakijatimizwa. Vyuo vikuu navyo viwakabidhi wanafunzi mifumo ya chuo chenyewe, chini ya usimamizi, badala ya kuwatahini kwa karatasi pekee.

Wanafunzi nao wasidanganyike na wauzaji wa vyeti vya wiki chache. Jengeni msingi kwanza: mfumo endeshi, mitandao, uandishi wa programu. Kisha jiungeni na miradi huria, ambako kazi yako hukaguliwa hadharani na watu wasiojua baba yako ni nani.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa, safari ijayo mkiletewa rasimu ya tangazo la kazi, lifuteni lile sharti walau katika nafasi moja, na mwandike jina la atakayemlea mgeni. Asipopatikana wa kumlea, basi mmekwisha kujua ni kwa nini mtandao unasumbua.