Asiyekula Naye Yumo

Kuna kauli inayopendwa vikaoni, na husemwa kwa sura ya haki: nguruwe ni mali ya wenyewe, basi gharama zake ziwe za wenyewe. Mfugaji alipe ada ya ukaguzi, mla kitimoto aongezewe bei, hela ya umma iende kwenye mambo ya watu wote. Asiyekula anahusikaje?

Anahusika kuliko anavyodhani. Chukua tegu wa nguruwe, anayejulikana sana Mbulu, Mbozi na vijiji vingine vya Tanzania ambako nguruwe huzurura. Anayekula nyama yenye vifuko vya mnyoo huyo kabla haijaiva hupata tegu tumboni, na anaweza asijue kabisa. Balaa limo kwenye mayai anayoyatoa akienda chooni, au kichakani kama choo hakuna. Mayai hufika kwenye mchicha, kwenye maji, kwenye mikono ya mpishi. Mtu akiyameza, vifuko vinaweza kuota ndani ya ubongo wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo yenye tegu, karibu asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa wamekipata kwa njia hii. Yaani mtu anaweza kuanguka kifafa bila kuonja nguruwe maisha yake yote. Imetosha kula mchicha wa jirani.

Sasa tazama ada inavyofanya kazi. Kumchinja ng'ombe kwa siri ni shughuli. Nguruwe humalizwa nyuma ya nyumba kabla jogoo hajawika. Mnunuzi mzoefu humfunua mdomo, akampapasa ulimi. Akikuta vinundu, wala hamwachi: humshusha bei. Nyama hiyo haitamwona bwana mifugo, maana kwake kuna ada, kuna safari, na kuna hatari ya mzoga kutupwa mwenyewe akitazama, bila fidia. Ukaguzi tumeuwekea kiingilio, halafu tunashangaa wenye nguruwe wagonjwa hawaingii.

Homa ya nguruwe nayo ni hivyo hivyo. Iliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na hadi leo haina tiba. Binadamu haimdhuru, ila banda huliacha tupu. Mfugaji aliyeona nguruwe wa kwanza amekataa pumba ana namba mbili kwenye simu. Ya bwana mifugo italeta karantini. Ya mchinjaji italeta fedha jioni hiyo hiyo. Simlaumu, hata mimi ningepiga ya pili. Nyama inasafiri na virusi vyake, makombo ya baa yanalishwa kwenye banda la mwingine, na wilaya ya pili inalia.

Najua kisu cha mkaguzi hakioni kila kifuko, na bila vyoo tegu hatatoka. Lakini ukaguzi wa nguruwe ulipiwe na bajeti ya afya, kama tunavyolipia chanjo, na mzoga unaotupwa ulipwe walau nusu ya bei. Ng'ombe na mbuzi wao mbona wanalipiwa ada? Wanalipiwa, ila tegu huyu wa kifafa hapiti kwao.

Mwenye imani inayomkataza nguruwe hana haja ya kumsogelea, wala hakuna anayemwomba achangie sahani ya kitimoto. Anaombwa kuchangia kile kisu, kwa ajili ya mchicha wake mwenyewe.