Lori Limepigwa Madoido, Mvua Imekuja: Nani Atalipa Injini?

Mvua ikishika Nairobi, kuna watu wawili hawalii: jamaa wa mkokoteni anayevusha watu barabarani, na fundi wa injini pale Grogan. Leo tuongee kuhusu huyo wa pili, sababu malori yaliyopigwa madoido yanamletea kazi ya bure.

Tuseme ukweli, wadau. Msee anang'oa boksi la filta lililokuja na lori, anafunga filta ya koni ikiwa wazi na bomba nono, ndio turbo ipige mluzi hadi stage isikie. Kiangazi kila kitu kiko fiti. Noma inaanza masika.

Injini ya dizeli haivuti hewa kidogo kidogo. Inavuta pumzi kamili kila mzunguko, halafu inaibana kama mara 16 hadi 20. Hewa inabanika. Maji hayabaniki hata ufanye nini. Yakijaa kwenye silinda, pistoni inapanda na kugonga kama imegonga ukuta, konrodi inapinda, na siku mbaya inatoboa bloku. Hapo ni injini ingine.

Wengi hudhani lazima uzame kwenye mafuriko kama yale ya Aprili 2024. Wapi! Matone machache injini inaweza kuyameza. Hatari ni maji yanayojikusanya polepole kwenye kona ya chini ya bomba lori likiwa limepaki usiku. Asubuhi dere anawasha, anakanyaga, na injini inakunywa yote mara moja. Na filta ya karatasi ikilowa inaziba, lori linakosa nguvu na kutoa moshi mweusi.

Waliounda lori walijua haya. Ndio maana mdomo wa hewa uko juu nyuma ya kabini, una kofia, na chini ya boksi kuna kampira kama mdomo wa bata kanakotema maji na vumbi. Vitu vidogo sana, na ndivyo vinatupwa kwanza.

Unataka mluzi wako? Sawa, lakini ficha koni ndani ya boksi lililofungwa, mdomo uwe juu na kofia yake, na mahali pa chini kabisa, kabla ya filta, pawe na pa kutolea maji. Usitoboe baada ya filta, utakuwa unalisha injini vumbi. Kama umefunga snokeli, ziba kila kiungo. Kiungo kimoja kikivuja, hiyo snokeli ni pambo tu.

Na maji yakishaingia? Zima, usipige stata tena. Fundi atoe injekta kwanza, ndio injini ikizungushwa iteme maji.

Shida ni kwamba dere yuko barabarani saa nane usiku, tajiri anapiga simu mzigo ufike. Anajaribu stata mara moja tu. Kruu! Kesho yake anaambiwa alipe ama aende nyumbani, na si yeye aliyechagua hiyo filta.

Kwa hivyo tajiri, kabla umkate dere mshahara, inama uangalie bomba ulilofungisha wewe. Kale kampira ulikatupa wapi?