Mgeni wa miezi sita si mtalii

SAFU YA PWANI
Na Mwanakheri Salum

Nenda Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, maji yakiwa yamekupwa. Wanawake wameinama wanafunga mwani kwenye kamba, na huku juu, mkahawani, vijana wa Ulaya wamefungua kompyuta, wanafanya kazi za kampuni zilizoko Berlin au London. Wengine hukaa miezi. Wanakaribishwa, lakini tusiendelee kuwahesabu kama watalii.

Mtalii hulala hotelini wiki moja akaenda zake. Huyu anapanga nyumba mtaani, anapika, anafua. Mwenye nyumba akishazoea kodi ya dola, mwalimu aliyehamishiwa skuli ya Jambiani atapanga wapi?

Linalonitisha zaidi ni maji. Unguja tunaishi kwa maji ya chini ya ardhi, na kule mashariki ni mawe matupu ya matumbawe. Kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia. Mwaka 2012 shirika la Uingereza, Tourism Concern, lilitoa ripoti juu ya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya ya mwanakijiji ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni, lita 686. Sasa mweke mgeni huyo nusu mwaka.

Wageni hawa hutegemea pia umeme na intaneti, na udhaifu wake tunaujua. Desemba 2009 waya wa umeme wa chini ya bahari uliharibika, Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Mei 2024 mikonga ya intaneti ikakatika, Tanzania nzima ikahangaika. Umeme ukikatika hoteli huwasha jenereta, kijiji hungoja.

Barbados ilianza mwaka 2020 kuwapa wageni wa aina hii kibali maalumu: cha miezi 12, ada dola 2,000 kwa mtu mmoja, na lazima aonyeshe kipato cha dola 50,000 kwa mwaka. Nasi tutoze. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar lazima ikae na Dodoma, na ikifika mezani idai sehemu ya ada irudi kwenye shehia anakoishi mgeni: matangi ya mvua kwanza, kisha intaneti ya skuli, ili mtoto wa mkulima wa mwani naye ajifunze kazi zinazofanywa pale mkahawani.

Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi waulize hili kwenye kikao cha bajeti: ada hiyo itaingia fungu gani, na sheha wa Paje ataonyeshwa hesabu zake lini?