Zambia: Siasa ndiyo iliyofungua njia ya Dar es Salaam

Msafirishaji anayepanga foleni Tunduma anaweza kudhani kuwa njia ya Dar es Salaam kwenda Zambia ilizaliwa na biashara. Historia inaonyesha vingine: ilizaliwa na ugomvi wa Zambia na jirani yake wa kusini.

Ikumbukwe kuwa Zambia, iliyopata uhuru Oktoba 1964, haina bahari. Shaba yake ilitoka, na mafuta yakaingia, kwa reli iliyopita Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru. Rais Kenneth Kaunda aliipinga, na mwezi uliofuata Zambia ikakatiwa mafuta.

Kaunda aligeukia kaskazini, kwa Mwalimu Nyerere. Malori yakaanza kubeba mafuta na shaba katika barabara ya vumbi na matope iliyoua madereva wengi. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye kilomita 1,710, lilifika Ndola. Nchi za Magharibi zilikataa kugharamia reli zikidai haitalipa, lakini China ilikubali mwaka 1967 na kutoa mkopo usio na riba. TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwaka 1976.

Hata hivyo, msimamo huo ulikuwa na gharama. Januari 1973 Smith alifunga mpaka. Alipoufungua mwezi uliofuata, Kaunda alikataa kuutumia. Mwaka 1975 vita vya Angola vikafunga na reli ya Benguela. Mzigo mwingi ukaelekezwa Dar es Salaam, bandari ikaelemewa, na TAZARA ikapungukiwa injini na mabehewa.

Oktoba 1978, mbolea ikiwa imekwama na msimu wa kupanda ukikaribia, Kaunda aliifungua tena reli ya kusini, ingawa vita vya ukombozi wa Zimbabwe vilikuwa bado vinaendelea. Njaa ilikuwa na nguvu kuliko msimamo.

Fundisho kwa wafanyabiashara liko wazi. Mpaka hufungwa kwa tamko la siku moja, lakini njia mbadala iliichukua Zambia zaidi ya miaka 10, na bado haikutosha. Anayetegemea njia moja tu afuatilie habari za marais kama anavyofuatilia bei ya dizeli.